Mwanangu Anaishi Muheza

Mzazi alikuja shuleni kabla ya chai ya saa nne, buti zimejaa unga wa mbao, mkononi ameshika kijitabu ambacho nilikuwa nimekichapisha jana yake kwa majivuno makubwa. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba lakini hakuketi. Alianza kwa Kishambaa, akakumbuka kwamba mimi ni Mbondei wa kutoka chini, akahamia Kiswahili ili nisije nikasema sikuelewa.

"Mwalimu, mimi sina maneno mengi. Nataka kujua huyu mtoto ni wa nani."

"Mtoto yupi, baba?"

"Huyu wa Muheza."

Akakifungua kijitabu mezani pangu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya binti yake, mwanafunzi wangu wa darasa la tano, akitabasamu mbele ya ukuta wa darasa. Chini ya picha pameandikwa: Mwanangu anaishi Muheza. Ukurasa wa pili: Anapenda machungwa. Wa tatu: Nitakwenda kumchukua.

"Binti huyu ana miaka kumi na moja," alisema. "Hajafika hata Mombo. Mama yake tangu jana hajatia kitu mdomoni."

Nilitaka kucheka, na papo hapo nilitaka ardhi ipasuke nizame. "Baba, huyo mtoto ni wangu mimi."

Alinitazama, akakitazama kitabu. "Wako? Sasa anatafuta nini kwenye kitabu cha binti yangu?"

Swali lilikuwa la haki. Na hakujua bado kwamba si binti yake peke yake. Darasa zima lilikuwa na mtoto Muheza, wavulana kwa wasichana. Kiranja alikuwa naye. Yule mdogo wa dawati la mbele, ambaye bado alikuwa anapoteza meno ya utotoni, naye alikuwa na mtoto Muheza, anapenda machungwa, na atakwenda kumchukua.

Nieleze nilifikaje hapo.

Mimi nimezaliwa Muheza, kwenye joto, mahali ambapo machungwa huoza chini ya mti kwa wingi wake na hakuna anayejali. Nilipopata ajira nilipangiwa Shume, juu kabisa ya Lushoto, kwenye misonobari iliyopandwa kwa mistari kama wanafunzi wa gwaride, viazi, kabichi, na ukungu unaoingia darasani bila kubisha hodi. Nilikwenda na sweta moja. Walimu wenzangu walinicheka wiki nzima, kwa utani wetu wa siku zote, kwamba Mbondei akiona jasho lake limekauka anadhani amekufa.

Nikazaa huko. Baba wa mtoto alishatoka kwenye habari hii kabla haijaanza, na sina haja ya kumrudisha. Mtoto wa kike, mzuri, mwenye kifua kibovu. Kila ukungu ukishuka alikuwa anavuta pumzi kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Nesi wa zahanati alinivumilia muda mrefu na dawa zake za kila aina, mwisho akaniambia wazi: mama, huyu mtoto baridi hii haimfai, mshushe. Nikamshusha. Nikampeleka kwa mama yangu, Muheza, na kifua kikatulia ndani ya mwezi. Nikapanda mlima peke yangu, titi bado lina maziwa, kwa sababu Jumatatu kulikuwa na vipindi.

Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kuhama. Kila mwalimu anajua njia ni mbili. Unasubiri, au unatafuta mwenzako wa kubadilishana naye kituo. Kusubiri sikuweza. Nikatafuta, na kwa bahati ambayo sikuistahili nikampata mwalimu wa Muheza, mwenyeji wa Mlalo, ambaye wazazi wake wamezeeka na yeye alikuwa analia kurudi mlimani kama mimi nilivyokuwa nalia kushuka. Tukaongea kwenye simu kama wachumba. Yeye alinisifia baridi, mimi nikamsifia joto. Kilichobaki ilikuwa wakuu wetu wawili waridhie.

Mkuu wake aliridhia. Mkuu wangu alikuwa mtu mwema sana, na hilo ndilo lilikuwa tatizo langu. Angekuwa mkatili ningegombana naye. Lakini ni mzee wa kanisa, mwimbaji wa besi, mtu anayekuletea kuni bila kuombwa. Nikiingia ofisini kwake na maneno yangu niliyoyapanga, ananiuliza kwanza kifua cha mtoto kinaendeleaje, na mimi naishiwa nguvu.

Basi, katikati ya mazungumzo hayo vikaja vishikwambi. Mradi fulani ulitupa kasha zima, pamoja na sola ya kuvichajia na printa ndogo, na ikatakiwa mwalimu mmoja aende Lushoto mjini kujifunza. Ulikuwa msimu wa kuvuna viazi. Walimu wote wana mashamba. Mimi pekee sikuwa na hata jaruba. Macho yote yakanigeukia. Nikaenda semina, nikarudi na cheti, na ufunguo wa kabati la chuma ambao niliuvaa shingoni kwa uzi.

Programu yenyewe naipenda, sitasema uongo. Mtoto anafungua kitabu kitupu. Anapiga picha, au anachora kwa kidole. Anaandika maneno chini yake, na asipoweza kuandika anarekodi sauti. Kuna sauti ya mashine inayomsomea alichoandika, inatamka Kiswahili kama padri mgeni, watoto wanaiiga mpaka nje. Akitosheka anabonyeza mwisho, na kioo kinamwuliza: Umemaliza? Kuna Ndiyo na kuna Hapana. Akibonyeza Ndiyo kitabu kinafungwa na kwenda kwenye printa, chenye jalada na jina lake kama mwandishi. Semina ilisisitiza kitu kimoja: mtoto afanye mwenyewe. Mwalimu akae pembeni.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa Mkuu na ombi langu la uhamisho. Alivua miwani.

"Mwalimu, ukiondoka wewe hivi vitu tutakatia vitunguu."

"Watafundishwa wengine, Mkuu."

"Nani? Umewaona wenzako wanavyovishika? Kama wamepewa mtoto mchanga anayevuja." Akafikiri. Akacheka kidogo, kwa upole wake. "Sikia. Siku darasa la tano likitengeneza vitabu bila wewe kuwamo, mimi nasaini. Siku hiyohiyo."

Alisema nusu kwa mzaha. Mimi niliichukua nzima. Nilitoka mle ofisini nikiwa na bei ya tiketi yangu ya kushuka: watoto wasinihitaji. Ningewafundisha kujitegemea mpaka waniite mzigo.

Ndipo nikaingia darasani na kufanya kile ambacho nimefundishwa kufanya, na kilichofanywa kwangu nilipokuwa mtoto. Niliandika mfano ubaoni. Nikafikiria sentensi rahisi, na mkono wenyewe ukaandika kilichokuwa moyoni: Mwanangu anaishi Muheza. Anapenda machungwa. Nitakwenda kumchukua. Nikawaambia huu ni mfano tu, kila mtu aandike cha kwake. Tumeelewana? Ndiyooo, mwalimu! Na kwa kuwa hapa kwetu kilichoandikwa ubaoni ndicho sahihi, na mwanafunzi mzuri ni yule anayekinakili bila kuacha kitu, walikinakili bila kuacha kitu. Wala hawakuwa wajinga. Kila mmoja alikuwa anajua hana mtoto Muheza. Lakini kwani walipokuwa wananakili habari za reli na bandari walikuwa na reli?

Hayo yote nilimweleza yule mzazi, mpasua mbao, naye alisikiliza amesimama. Mwisho aliketi.

"Kwa hiyo mtoto ni wako kweli."

"Ni wangu kweli."

"Na hujakwenda kumchukua."

"Siwezi kumleta huku, baba. Kifua. Mimi ndiye natakiwa nishuke, na sijaruhusiwa."

Alikikunja kijitabu taratibu akakitia mfukoni, tofauti kabisa na alivyokifungua. "Pole, mwalimu," alisema. Nikalia mbele yake, mtu mzima, na walimu wenzangu wakajifanya wanasahihisha madaftari.

Baada ya hapo nilifuta ubao na nikaapa sitaandika tena mfano. Nikawaambia: leo hakuna mfano. Wakakaa. Nikapita katikati ya madawati, kila mmoja ameshika kishikwambi mbele ya kifua kama sahani ya ubwabwa, macho ubaoni, wakingoja ubao utoe maneno. Nilipowasukuma sana wachache waliandika sentensi. Halafu kioo kinawauliza, Umemaliza? Na mikono inapaa. "Mwalimu, nimemaliza?" Nikasema mimi nitajuaje, kitabu ni chako! Wakanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesahau kazi yake. Kidole kinakaa juu ya kioo, kinasubiri. Nisiposema kitu wanabonyeza Hapana, kwa usalama.

Nikajaribu kutoka nje. Niliwaacha na kazi nikajificha nyuma ya ua wa choo cha walimu, mwalimu mwenye shahada, nachungulia kwenye matundu ya mabanzi. Kimya. Niliporudi walikuwa wamekaa vilevile, mikono imefungwa, vishikwambi vimezima vyenyewe kwa kukosa kuguswa.

"Kwa nini hamkuandika?"

Kiranja alisimama. "Tulikusubiri, mwalimu."

Sijawahi kumpiga mtoto kwa hasira, lakini siku ile nilitoka nikaenda kupiga teke ndoo ya maji. Nilijiona kama kuku aliyefunikwa tenga: ninaona uwanja wote kupitia kwenye matundu, punje naziona, wenzangu nawaona, na hakuna mahali pa kupenya. Wale watoto walikuwa wananipenda. Walikuwa wananitii. Kila "ndiyo mwalimu" ilikuwa jiwe jingine juu ya tenga.

Chini huko mwanangu alikuwa anakua. Kwenye simu alianza kumwita bibi yake "mama" na mimi "mama wa Shume". Mtandao kwetu unapatikana vizuri pale kwenye magogo ya kiwanda cha mbao, basi kila jioni nilikuwa nasimama juu ya gogo, nimejifunga kanga juu ya sweta juu ya sweta, naongea na mtoto ambaye ana mambo yake ya muhimu ya kufanya.

"Mama wa Shume, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Haya, kwaheri."

Watoto wa darasa langu walikuwa wanapita na mizigo ya kuni kichwani, wananiamkia, wananiona. Sikuwahi kufikiri kwamba wananiona.

Mwanangu alipoanza darasa la kwanza, kwa kuchelewa kuandikishwa, niliomba ruhusa ya Ijumaa nikamvalishe sare mwenyewe. Nilishuka. Nikamvalisha, soksi mpaka magotini, akanivumilia. Jumapili nikiwa nafunga begi, mvua iliyokuwa inanyesha mlimani siku nzima ilikata barabara ya Mombo. Mlima ulishuka, miti na udongo na mawe, ukalala barabarani. Hakuna gari linalopanda, hakuna linaloshuka. Mama yangu alileta habari hizo kutoka sokoni kwa uso wa msiba, na mimi nikaketi kitandani nikaanza kucheka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilikuwa nimekwama upande ninaoutaka.

Nilimpeleka mwanangu shule Jumatatu, nikamfuata saa sita, nikampeleka tena kesho yake. Nilikuwa natembea barabara ya Muheza nimeshika mkono mdogo wenye jasho, na watu wananisalimia kama mama wa mtu. Kila asubuhi nilikuwa naomba greda lisifike.

Katikati ya wiki Mkuu akapiga simu.

"Mwalimu, ufunguo uko wapi?"

Nikagusa kifua. Uzi ulikuwa shingoni. "Ninao, Mkuu."

Wageni wa mradi, aliniambia, walikuwa Lushoto mjini tayari tangu kabla barabara haijakatika, na walikuwa wanakuja Shume kwa sababu upande huo haukuharibika. Walitaka kuona watoto wakitengeneza vitabu. Nilisema samahani mara nyingi sana. Alisema usijali, kwa sauti ya mtu anayejali, akakata.

Habari ya siku zile niliisikia kwa vipande, kutoka kwa Mkuu na kwa watoto wenyewe, na vipande vinalingana. Mkuu alimwita yule yule mpasua mbao. Alikuja na nyundo na patasi, akalitazama kufuli akalidharau, akang'oa bawaba. Mlango wa kabati ukalala chini na kufuli lake bado limefungwa. Darasa la tano likapewa vishikwambi siku mbili kabla ya wageni, na kiranja akaambiwa asimamie, maana walimu wengine walikataa kusogea.

Kiranja akafanya alichoniona mimi nikifanya. Alichukua chaki akaandika ubaoni sentensi yake: Baba yangu ana lori la kabichi. Akawaambia andikeni. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Mmoja akasema baba yake hana lori, kwa nini aandike uongo. Kiranja akasema huu ni mfano. Mwingine akasema mfano ni wa mwalimu, kwani wewe mwalimu? Likazuka zogo. Wakamzomea, wakafuta ubao, na kwa ubishi tu, ili kumkomoa, kila mmoja akaandika kitu ambacho hakifanani na lori la kabichi hata kidogo. Mmoja aliandika kuhusu mbuzi wao anayekula nguo za ndani za jirani. Mwingine alirekodi karipio la bibi yake, akimwigiza kwa Kishambaa mwanzo mpaka mwisho, kurasa sita za karipio. Kioo kilipowauliza Umemaliza, hapakuwa na mtu mzima wa kumwuliza. Wakabonyeza Ndiyo. Waliniambia mmoja alibonyeza, wakasubiri kama kutatokea kitu kibaya, hakikutokea, wakabonyeza wote.

Barabara ilifunguliwa, nikapanda. Nilivikuta vitabu vimepangwa kwenye meza ya Mkuu na Mkuu mwenyewe amevaa suti. Wageni walishakuja na kuondoka, walifurahi kupita kiasi. Alinipa kile cha binti wa mpasua mbao nikisome kwanza, akageukia dirisha.

Mimi sina mtoto Muheza, kilianza. Nina miaka kumi na moja. Nina dada wawili na jogoo. Mwalimu ndiye ana mtoto Muheza. Jioni mwalimu anapanda juu ya gogo anaongea na simu. Akishuka kwenye gogo haongei na mtu. Mwalimu akirudi atakuta tumemaliza, atakwenda kumchukua.

Nilikisoma nimesimama. Mkuu alifungua droo, akatoa ombi langu, na mbele ya macho yangu akasaini. Aligonga na muhuri. Alikuwa ameahidi, na yeye si mtu wa kula maneno yake. Nikamshukuru, nikatoka, nikaenda kwenye gogo nikampigia mama yangu kwamba naja, nakuja kukaa.

Nilipaswa kunyamaza kwanza. Ombi lilipofika wilayani lilikuta sifa zangu zimetangulia. Wageni walikuwa wameandika kwamba hawajaona shule ambapo watoto wanafanya kazi wenyewe namna ile, na kwamba mwalimu aliyefanikisha jambo hilo ni hazina. Shule yetu ikawa shule ya mfano. Walimu wa Mponde na wa Bumbuli wangekuja kujifunza kwetu. Ombi likarudi na maneno mazuri mengi: kwa sasa mwalimu huyu aendelee kubaki kituoni mpaka mradi utakapokamilika. Mradi utakamilika lini hakuna aliyeandika.

Mkuu alikuja nyumbani kwangu kuniambia mwenyewe. Alileta na kuni. "Mimi nilisaini, mwalimu," alisema. "Uliniona nasaini." Nilimwona. Hilo ndilo linaloniua: sina wa kumchukia. Mwenzangu wa Muheza alingoja muhula mmoja zaidi, halafu akapata mtu mwingine wa kubadilishana naye, mtu wa Mlalo kabisa. Alinipigia akilia kwa aibu. Nikamwambia nenda kawaone wazazi wako, mimi nipo.

Na kweli nipo. Darasani sina kazi tena. Wageni wakija naketi nyuma kwenye kiti, watoto wanafungua kabati, ambalo lilirudishiwa bawaba lakini halifungwi, wanachukua vishikwambi, wanabishana, wanaandika. Hakuna anayeniuliza kitu. Wageni wananipiga picha nikiwa sifanyi lolote na wanasema, tazama. Bado nina ule ufunguo shingoni, kwa mazoea tu.

Likizo iliyopita nilishuka na kishikwambi kimoja kwa ruhusa ya Mkuu, na nakala ya kitabu cha yule binti. Mwanangu alikuwa anajua kusoma. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mama yangu alidhani najua. Aliketi barazani akakisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye ukurasa wa gogo akausoma tena.

"Gogo ni refu?"

"Si refu sana."

"Na ukishuka huongei na mtu."

"Siku nyingine naongea."

Hakuniamini, nikaona haniamini. Akaomba kishikwambi. Nilianza kumwonyesha hapa pa picha, hapa pa maneno, akanisogeza kwa kiwiko, taratibu, bila ukorofi. Nikarudi nyuma nikaketi kwenye kigoda. Mama yangu alikuwa anamenya machungwa. Mwanangu alinipiga picha pale pale nilipo, na sweta langu, kwa sababu nililizoea nikawa silivui hata kwenye joto. Akaandika. Ilimchukua muda mrefu, na mimi, ambaye kazi yangu ni hii, nilikaa mikono imefungwa kama darasa langu la zamani. Alipochoka kuandika alibonyeza ile sauti imsomee, na padri mgeni akasoma barazani kwetu:

Mama yangu anaishi Shume. Anapenda gogo. Nitakwenda kumchukua.

Kioo kikamwuliza, Umemaliza? Nilisubiri anigeukie. Nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Hakugeuka. Akabonyeza Ndiyo.